Kifaru na Maji ya Mtaro Wake

Hapo zamani za kale, kabla bibi wa bibi yangu hajavaa kanga yake ya kwanza, Kifaru alikuwa na kiwanda cha kutia vitambaa rangi. Msinicheke! Wanyama wa siku hizo walivaa, walioana, na kusengenya walisengenya kuwashinda nyinyi.

Kiwanda kilikuwa upande wa juu wa mto. Kifaru alipika rangi nyekundu kwa dawa kali ya kuishikiza kitambaani isichuje. Maji yaliyobaki aliyamwaga mtaroni, bwaaa, mpaka mtoni. Yeye na mkewe walikunywa maji ya chemchemi iliyokuwa nyuma ya nyumba yao.

Huko chini aliishi Mama Chura. Wanawe wengi walikufa, wakaelea matumbo juu. Wachache waliobaki aliwaweka ndani ya mtungi wa maji ya mvua, na kwa jua la kiangazi maji hayo yalikuwa yakipungua kila kukicha.

Akaenda kumlilia Kifaru.

"Nenda zako!" Kifaru akafoka. "Maji yangu ni safi. Watoto wako wamekufa kwa uzembe wako."

Mama aliyefiwa haambiwi hivyo, wanangu. Haambiwi kabisa.

Jirani yake Nguchiro, kijinyama chembamba chenye maneno mengi, alimsikiliza mpaka mwisho, na siku hiyo hakufanya mzaha. Kisha akapanda kwa Kifaru mbio mbio.

"Hodi, Bwana mkubwa! Wanyama wanataka kukutawaza uwe Mlinzi wa Mto. Andaa karamu kesho. Maji ya kunywa nitateka mimi."

"Mimi? Mlinzi?" Kifaru akacheka mpaka pembe ikatikisika. "Waje wote!"

Sasa, kwao kulikuwa na desturi: mwenyeji, au mmoja wa nyumba yake, huonja kinywaji kwanza ili mgeni ajue hakina sumu. Asiyeonja amekiri.

Wageni wakajaa. Nguchiro akaweka kibuyu mbele ya Kifaru.

"Onja, Bwana. Nimeyateka pale pale mtaro wako unapoingia mtoni. Si ulisema ni safi?"

Kifaru akanusa, fff, fff! Wapi! Pua yake ilikwisha kuungua zamani kwa mvuke wa mapipa yake mwenyewe, na macho ya kifaru mnayajua, hayaoni vizuri.

"Leo nimefunga," akasema.

"Umefunga na mihogo iko mdomoni?" Nyati akauliza.

Mke wa Kifaru akaona haya. "Mume wangu, unatuaibisha mbele ya wageni. Lete, nitaonja mimi." Akakiinua kibuyu mpaka kinywani.

"Acha!" Kifaru akaruka, akamshika mkono. "Acha, mke wangu! Utakufa!"

Mkewe akakiweka kibuyu chini.

"Kumbe ulijua," akasema. "Mama Chura alipolia mlangoni petu, wewe ulijua."

Nguchiro akakitwaa kibuyu, akanywa, gu gu gu! Akajifuta midomo.

"Haya ni maji ya chemchemi yako, Bwana. Uongo ulikuwa wangu. Ukweli umeutoa wewe."

Kifaru akainamisha kichwa. "Basi nitachimba shimo la kuuzuia uchafu usifike mtoni."

"Shimo hujaa," Nguchiro akamjibu. "Usiitie dawa hiyo pipani, nawe hutakuwa na uchafu wa kuutafutia shimo."

Moto ukazimwa siku hiyo hiyo. Kazi mpya aliisimamia mke wa Kifaru: rangi ya magome ya mgunga, isiyotaka dawa kali, na maji ya pipa moja yakatumika tena katika pipa la pili. Wekundu wake haukung'aa kama ule wa zamani. Wateja walinung'unika, kisha wakazoea.

Mto nao haukupona kwa siku moja. Maji ya mtungi yalipobaki ya kufunika kidole tu, Mama Chura aliuinamisha ukingoni. Viluwiluwi wakateleza majini, wakatulia kidogo, kisha wakatikisa mikia wakaenda zao. Wengine walishangilia. Yeye alikaa pale pale, akawalilia wale wasiokuwepo.

Basi, wanangu, usimnyweshe mwenzako kile usichothubutu kumnywesha wako.