Jini Aliyesingiziwa Kumeza Jua

Mji wa Yakutia aliutawala Sultani Mundhiri bin Seifu, na mji huo ulikuwa na fahari nyingi na kelele nyingi zaidi, na kelele kubwa kuliko zote zilikuwa za siku ya kupatwa kwa jua, kwani watu waliamini kuna jini anayelimeza, naye halitapiki mpaka apigiwe masufuria. Sultani ndiye aliyepiga upatu wa kwanza, na kabla yake hakuna aliyethubutu kugusa hata kifuniko.

Jini huyo aliitwa Daghashi, na maskini, hakuwahi kumeza kitu kikubwa kuliko tende. Wachawi wa zamani walimfungamanisha kwa azima na mtungi wa chuo, awatekee wanafunzi maji mpaka jua lipatwe na kurudi pasipo sufuria hata moja kulia. Na masufuria yalilia kila mara, na jua likarudi kila mara, na watu wakapongezana, na Daghashi akarudi kisimani mgongo ukimuuma.

"Bi Ghanima, nimechoka," alimwambia mwalimu wa falaki.

"Na mimi je?" akajibu bibi yule. "Nimewafunza hawa, na mama zao, na nyanya zao. Darasani wanaelewa. Giza likiingia, wanakimbilia jikoni."

Hata hivyo akawasha taa, akashika chungwa na ndimu, akasema kwa sauti iliyochakaa, "Taa ni jua, chungwa ni dunia, ndimu ni mwezi. Ndimu ikipita katikati, kivuli chake huangukia chungwa. Ikisogea, nuru hurudi. Nani kameza nini?"

Wanafunzi wakacheka, isipokuwa Arafa, binti wa Sultani, aliyekuwa akimtazama Daghashi anavyotua mtungi na kushika kiuno.

Siku ya kupatwa ilipofika, jua likaanza kumegeka mchana kweupe, na kuku wakaingia bandani, na mji mzima ukainua miiko ukimngojea Sultani. Arafa akaja mbio na chekeche la unga, akapiga magoti.

"Baba yangu na Sultani wangu, usipige. Wala usilitazame jua, litakuunguza macho. Tazama chini."

Akainua chekeche, na kila tundu likaangusha sakafuni kijua kilichomegwa, chembamba kama ukucha.

"Mwanangu, lisiporudi, watu watanilaani."

"Lisiporudi, nifunge mimi mtungini."

Giza likatanda, vijua vyote vikazimika, wanawake wakaanza kulia. Sultani akafumba macho, asiupige upatu. Mara vijua vikachomoza tena sakafuni, vikanenepa kwa upande wa pili, na kwa kuwa hakuna sufuria lililolia, mtungi wa chuo ukasikika ukipasuka.

Sultani akamwita Daghashi kwa haya, akamwahidi kasri na dhahabu, hata akataja harusi.

"Mola akuzidishie, Maulana," akasema jini. "Nataka mkeka tu, nilale."

Bi Ghanima, aliyejiegemeza mlangoni, akasema, "Tandikeni miwili."

Wakalala, na Arafa akaenda chuoni na chungwa na ndimu, na maji akateka mwenyewe. Basi nawe msikilizaji, jua likipatwa tena, nyamaza kidogo, maana kuna watu wamelala.