Utafiti Uliomsubiri Msomaji

Wapendwa, hebu mfikirieni binti mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu. Alikwenda milimani, mahali ambapo kila ukame ukija watoto walikuwa wakilegea miguu, na watu wakisema ni laana ya ukoo. Binti akakaa jikoni na akina mama, akauliza, akachunguza, mpaka akagundua chanzo: mboga fulani ya porini waliyoichuma wakati wa njaa. Akaandika yote, dalili na tiba. Kisha akafariki kabla hajavaa joho.

Kazi yake ikawekwa kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo. Miaka ikapita. Mitambo ikachakaa, ikabidi tafiti zihamishiwe kwenye mitambo mipya.

Mkurugenzi wa maktaba ya chuo akamwambia mkutubi, "Mama, hizi za zamani ziache. Hakuna anayezifungua."

"Mzee, aliyeandika hii ameshafariki," mkutubi akajibu, akionyesha kazi ya yule binti. "Tukiipoteza, nani ataiandika tena?"

Mkurugenzi akakubali shingo upande. Mama yule akahamisha moja baada ya nyingine, akijaribu kila moja kama inafunguka. Tena akaondoa nywila, ili hata asiye wa chuo aweze kusoma.

Ukaja ukame mwingine. Mbali sana na chuo, daktari wa hospitali ya wilaya akaletewa watoto waliolegea miguu. Vitabu vyake havikumsaidia. Akatafuta kwenye simu, na utafiti ule ukafunguka! Akausoma amesimama palepale wodini. Akafanya ulivyoelekeza, na watoto, mmoja mmoja, wakaanza kusimama.

Akapiga simu chuoni, akapokea mkutubi yule yule. "Naomba namba ya aliyeandika. Nataka kumshukuru."

"Alifariki zamani, Daktari. Alikuwa bado mwanafunzi."

Daktari akasema taratibu, "Lakini leo ameniongoza kitanda hadi kitanda."

Jamani, hamtetemeki? Binti yuko kaburini, na watoto wanatembea!

Lakini ngojeni. Mkutubi alikuwa analia kwenye simu. "Daktari, kuna tafiti nyingine nilichelewa kuzihamisha. Zimeharibika, hazifunguki tena."

"Zilihusu nini?"

"Sijui. Wala hakuna atakayejua."

Ndugu zangu, ni tiba ya nani iliyopotea pale? Ni mtoto wa nani?

Neno tulilosoma asubuhi hii lilinakiliwa kwa mikono ya watu ambao hata majina yao hatuyajui. Wangesema, "Nani atalisoma?", sisi leo tungekuwa wapi? Basi wewe uliyekabidhiwa maarifa, ya chuo au ya nyumbani kwako, yatunze, na mlango wake uuache wazi. Tusiseme hakuna anayeuliza. Atakayeuliza huenda bado hajazaliwa, na Mungu tayari anamwita kwa jina lake.