Daraja Lililompa Mbuke Damu

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali hii yetu ya nyaya na kompyuta, Mbuke alijifungua binti, kisha damu ikakataa kusimama.

"Damu ya kundi lake haimo kwenye friji yetu," alisema daktari.

Muuguzi akatafuta kwenye kompyuta ya wodi. "Chupa mbili zipo jengo la upasuaji!"

Zikaletwa mbio. Mbuke akapona.

Siku ya tatu akamwuliza muuguzi, "Nimshukuru nani?"

Akaelezwa. Daftari la damu, lenye orodha ya damu iliyopo kila jengo, limo ndani ya kompyuta pepe, kompyuta isiyo na mwili, inayoishi ndani ya kompyuta kubwa inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux kule stoo. Mpaka asubuhi ya siku aliyojifungua, hakuna wodi iliyoweza kuiona. Ilihitaji daraja, si la mawe bali la maagizo ya kompyuta, la kuiunganisha na mtandao wa hospitali, iwe na anwani yake kama kompyuta nyingine.

Kompyuta kubwa ilitumia mtandao usio na waya, na huo ulikataa daraja. Ilibidi waya upitishwe darini, na dari ilikuwa mbovu, wanaume wakaiogopa. Nyanzobe, mfagizi, akapanda, akatambaa kati ya popo, akavuta waya hadi stoo.

Milembe, fundi aliyekuwa mjini, akaingia kwenye kompyuta kubwa kwa mbali kupitia mtandao, akaunda daraja, akaiunganisha hapo kadi ya mtandao pamoja na kompyuta pepe. Lakini alisahau kuihamisha anwani ya kompyuta kubwa kutoka kwenye kadi hadi kwenye daraja. Mawasiliano yakakatika!

Holo, mtunza stoo, hakuwahi kuigusa Linux. Akaweka simu sikioni, Milembe akamtajia, naye akaandika herufi kwa herufi, akikosea, akifuta, akirudia, mpaka daraja likapitika.

Mbuke akawaita wote watatu, machozi yakimtiririka. "Dada zangu, mmenirudisha kwa wanangu. Sina zawadi ila jina la binti huyu, na jina ni moja."

Nyanzobe akasema, "Bila waya wangu, daraja lingeshika wapi? Ningeweza kuanguka nikafa."

Milembe akasema, "Waya ulikuwepo, dada, lakini njia hakuna aliyeijua ila mimi."

"Na mlango uliufunga wewe," akasema Holo. "Nimeufungua mimi."

"Kwa maneno ya nani?" akauliza Milembe.

Wakacheka. Mbuke akampakata mtoto, akawatazama mmoja mmoja, asiweze kuchagua.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msaidieni: Nyanzobe, Milembe au Holo? Binti aitwe nani?