Msambu Alivyopata Mtoto

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa mti, na mti una haja yake.
— Tuambie haja ya mti!

Hapo kale, katika msitu wa milima ya Usambara, alikuwako Msambu mzee. Si mkuyu, si mvule. Nasema Msambu, yule mwenye tunda kubwa kama kichwa cha mtoto.

Msambu alizeeka, na mtoto hana. Kila mbegu iliyoota chini yake ilikufa kivulini.

"Nikianguka, jina langu limekwisha," alilia. "Nani atanipelekea mbegu mbali?"

Akaja Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa. "Niachie mimi, Bibi. Naapa!"

Akabeba mbegu, akaruka. Alipofika juu ya mto akataka sifa. "Nioneni! Nambebea Bibi!" Mdomo ulipofunguka, mbegu ikatumbukia majini.

Akaja Kima. "Naapa mara mbili, Bibi. Lakini nipe kwanza tunda, nipate nguvu."

Akala nyama ya tunda, mbegu akazitema palepale shinani.

"Safari yako imekuwa fupi," akasema Msambu.

Kima akacheka, akapanda juu.

Akaja Buku, akinusanusa.

"Ewe panya, nawe umekuja kuapa?" Kima akamdhihaki.

"Panya yuko jikoni kwa watu. Mimi ni Buku." Akamgeukia Msambu. "Shikamoo, Bibi. Mimi siapi. Mbegu zako zina mafuta, nami nina njaa. Nitakula, nitakazobakiza nitazifukia, nije nizile baadaye."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe angalau umesema utanila. Chukua."

Buku akajaza mashavu, akaenda mbali, akafukia. Akarudi, akajaza, akafukia. Akarudi tena, akajaza, akafukia. Njaa ilipomshika, alifukua akala. Lakini mashimo ni mengi, kichwa ni kimoja. Mbegu moja akaisahau.

Mvua ikanyesha, ikapita, ikanyesha tena. Pale ilipofukiwa, mti mwingine ukaanguka, jua likapenya, mbegu ikachipua.

Buku akaja mbio. "Bibi, nisamehe! Kuna chakula nilikisahau, sasa kimeota majani!"

Msambu akacheka, akatikisika, hata tunda likamshukia Kima mgongoni.

"Unaomba msamaha wa nini, mjukuu wangu? Hicho ulichokisahau ndiye mwanangu."

Basi, wasikilizaji wangu, mwenye njaa akikwambia kweli, mwamini kuliko aliyeshiba akakuapia.

Hadithi nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, nirudishieni mwenyewe.