Kokoto za Chemchemi

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii humwonya mtu asitoe hukumu juu ya jambo asilolijua undani wake, na aliyeonywa akaonyeka siku moja ni Profesa.

Profesa lilikuwa jina la utani la kiranja wa somo la jiografia, msichana aliyekuwa na jibu hata kabla ya swali. Siku hiyo mwalimu alilipeleka darasa nyanjani, kwenye bwawa la chemchemi nyuma ya shule, kukusanya data kwa kutazama, kuhoji wakazi na kupima. Shule ilitaka kujua kama watoto wa darasa la kwanza wangeweza kufundishwa kuogelea pale. Mdogo wake Profesa, kitindamimba wa kwao, alikuwa miongoni mwao.

Maji yalikuwa maangavu ajabu. Kokoto za chini zilionekana moja moja.

"Andika: kina, magotini," Profesa alimwambia binamu yake mdogo, mwenzake katika kundi.

"Lakini hatujapima, dada."

"Kwani kokoto huzioni? Macho unayo ya nini?"

"Na kamba tumeibeba ya nini? Ya kuanikia nguo?"

Wenzao wakaangua kicheko. Profesa akavimba, akavua viatu. "Basi naingia mwenyewe, mwone!"

"Ngoja kwanza, nakuomba." Binamu alifunga jiwe jeupe, kubwa kama kichwa cha mtu, kwenye ncha ya kamba, akalitumbukiza.

Jiwe likashuka. Likawa kama chungwa, likawa kama yai, likawa kama punje ya mahindi, na bado lilikuwa likishuka. Kamba ikamwishia mkononi, nalo likaning'inia, halijagusa chini. Hapo ndipo walipoelewa kwamba zile hazikuwa kokoto. Yalikuwa majabali, mengine makubwa kuliko ng'ombe.

Mwalimu mwenyewe alivua kofia. Profesa alimkumbuka mdogo wake, ambaye angeletwa kuogelea pale. Hata hivyo hakuweza kuyabandua macho kwenye maji yale, kwa jinsi yalivyokuwa mazuri na ya kutisha.

"Mama yangu!" alinong'ona. "Haya yote yalikuwa hapa siku zote?"

Akaichukua kalamu kwa binamu yake, akalifuta neno "magotini", akaandika: "Kamba haikutosha." Kisha akavaa viatu vyake taratibu, akarudi nyuma hatua moja. Kweli, maji usiyoyafika hujui wingi wake.