Kwa Nini Kina Kitenga Huitwa Kuku

"Asili ya jina, mwulize mtani."

Mmeisikia leo asubuhi kwa shangazi yenu, alipomkatiza yule mgeni aliyekuwa akiusifia ukoo wake hadi chai ikapoa. Mkacheka, na sasa mnanisumbua niwaambie imetoka wapi. Haya, sogeeni. Ilitoka Kwamhoza, kwa watu waitwao kina Kitenga, na aliyeisababisha ni kijana mmoja mwenye haya nyingi, jina lake Mkomwa.

Kwamhoza walikuwa na desturi yao. Mtoto akizaliwa hukaa ndani mpaka kitovu kianguke na mama apate nguvu. Siku ya kumtoa nje, baba humpakata mbele ya wazee wa pande zote mbili, akataja jina la ukoo wake na kueleza lilitoka kwa nani na kwa sababu gani. Akishindwa, mtoto huchukua jina la ukoo wa mama yake, na hakuna ruhusa ya kununa. Walisema jina usilolijua ni nguo ya kuazima.

Namvua, mke wa Mkomwa, alijifungua mtoto wa kiume, na mimba ya kwanza hiyo. Mkomwa alikuwa mtoto pekee wa baba yake, na baba mwenyewe alikwisha fariki. Mtoto huyu angeenda kwa wakwe, nyumba ya marehemu ingekuwa imefungwa. Basi akaanza kuuliza.

Alianza kwa baba yake mkubwa, Mzee Sengasu, mkuu wa ukoo.

"Babu yetu alikuwa mfanyabiashara," Mzee Sengasu alimwambia, akijiweka vizuri kitini. "Alikuwa akipeleka matenga ya kuku mpaka pwani. Watu walimwamkia kutoka mbali. Hayo ndiyo tuliyoyasema mimi na baba yako, na wakwe zetu wakayapokea."

Mkomwa alifurahi, akaipeleka habari hiyo kwa baba mkwe wake, Mzee Luhizo. Huyu alikuwa mpole, lakini hadanganyiki.

"Alikuwa na matenga mengi, wakamwita Kitenga kimoja?" aliuliza. "Na alimuuzia nani? Wafanyabiashara huacha wateja, huacha hata maadui. Mbona sijasikia mtu akimtaja? Mwanangu, nakupenda, lakini siku ile usiniletee hadithi hiyo. Nitamchukua mjukuu wangu."

Akaenda kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa akichagua choroko kwenye ungo, na hakuinua macho.

"Mkomwa, hilo liache. Ukilichimba utalia."

Mtu akishaambiwa hivyo, atapumzika tena? Mkomwa alizunguka na mawazo yake. Pengine babu alikuwa mwizi wa kuku. Pengine alikuwa mchawi. Namvua akimuuliza amefikia wapi, anashika jembe na kwenda shambani.

Sasa, jibu walikuwa nalo masikioni siku zote. Kina Kitenga walikuwa na watani wao, Wamvumo, wakaao ng'ambo ya kilima. Utani mnaujua: mtani atakutukana, atakuchukulia jembe lako, atamcheka hata maiti wako, nawe huna haki ya kukasirika. Kina Kitenga wakifiwa, Wamvumo walikuja wakiwika na kuparura ardhi kwa miguu, wakisema kuku kafa. Watu walicheka, wakawapa kuku wao wa desturi, maziko yakaendelea. Hakuna aliyeuliza kwa nini kuku. Utani wa msibani haukuwa wa kuuliza, ulikuwa wa kulipa.

Kabla mtoto hajatolewa nje, Mzee Sengasu alilala na hakuamka. Wakati wa kumtoa maiti ulipofika, wabebaji walimkuta Bi Nyangasa, kikongwe wa Kimvumo, amejilaza kizingitini na manyoya ya kuku kichwani.

"Kuku huyu hatoki," alisema. "Mrudisheni kitengani."

Watu wakacheka huku wanalia. Shangazi akaleta kuku wa desturi, Bi Nyangasa akanyoosha mkono. Hapo Mkomwa, aliyekuwa mbele ya jeneza, akawaambia wenzake walitue.

"Bibi, kwa nini sisi ni kuku?"

Watu wakaguna.

"Mkomwa," shangazi akasema kwa sauti ndogo, "mpe kuku wake tupite."

"Nitampa, shangazi. Anijibu kwanza."

Bi Nyangasa aliinuka, akaketi. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni.

"Nimekuja kwenye misiba yenu tangu nikiwa na meno yote," alisema, "na hakuna aliyeniuliza. Sikiliza. Mwaka wa njaa kubwa watu wenu walihama kwenda bondeni. Walikuwa na mtoto amevimba miguu, hawezi kutembea. Walimbeba mpaka wakachoka. Wakamlaza njiani, wakamfunika majani, wakaenda. Nyuma yao tukaja sisi. Bibi wa bibi yangu alikuwa na kitenga kichwani, na ndani mna kuku wake wa mwisho. Aliyaona majani yanatikisika. Akakitua kitenga, akawatoa kuku, akamtia mtoto."

"Na kuku je?"

"Walikimbilia porini. Mumewe alimtukana mpaka bondeni. Huko watu wenu wakamwona mtoto anachungulia kitengani, yu hai. Wangetushukuru vipi? Kushukuru kungekuwa kukiri. Wazee wetu wakawahurumia, wakalifanya jambo hilo utani, ili lisipotee na lisiwaue kwa aibu. Tumewaambia kila msiba, kuku wangu. Hamkuuliza tu."

Mkomwa alilia kweli, kama shangazi alivyosema. Alimlilia mtoto yule chini ya majani. Alimlilia na Mzee Sengasu, aliyekufa akiwa bado anamficha mtoto huyo. Bi Nyangasa akachukua kuku wake, akaondoka mlangoni, wakaenda kuzika.

Siku ya kumtoa mtoto ilipofika, Mkomwa alimpakata mbele ya wazee. Shangazi alikuwa anatazama chini.

"Anaitwa Kitenga," Mkomwa alisema. "Babu yetu aliachwa njiani na watu wake, na mtani akawatoa kuku wake wa mwisho ili ambebe. Sisi ni uzao wa aliyeachwa, na ndugu wa waliomwacha."

Mzee Luhizo akamtazama.

"Kwa hiyo hakuwa mfanyabiashara?"

"Hapana, baba. Alikuwa mzigo."

Mzee Luhizo alimpokea mtoto, akamshika kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Kisha akamrudisha mikononi mwa baba yake.

"Mchukue Kitenga wako," alisema. Akawageukia wazee wenzake, wa upande wake na wa upande wa pili. "Nasi tusimlaumu Sengasu. Ndugu yako anakupenda, kwa hiyo atakuficha ukweli. Asili ya jina, mwulize mtani."