Safu Isiyokuwa na wa Kwanza

Hapo zamani, watu walipoogopa wembe kuliko kaburi, ndui iliingia mji wa Tundwani, ikawa hakuna nyumba isiyo na msiba. Mtawala wa mji alikuwa Sultani Haidari, mwenye sauti kubwa na moyo wa kuku. Akaleta tabibu kutoka mbali, hodari wa kuchanja: hukukwaruza mkono kwa wembe, akatia dawa, ndui isikuguse tena. Basi tabibu akakaa barazani siku saba, asije hata mtu. Wengine walisema ukichanjwa utaota mkia. Wengine walisema mke akichanjwa humchukia mama mkwe, kana kwamba hapo awali alimpenda.

Alikuwako mwosha maiti, fukara asiye na kanga ya pili, jina lake Bi Somoe. Mwezi ule alikuwa ameosha wanawake arobaini, mgongo umempinda. Siku moja akasema kisimani, "Watu hawa hawakatai dawa. Wanakataa kuwa wa kwanza." Maneno yakamfikia Sultani, Somoe akaitwa.

"Ewe Somoe, kwa kuwa wajua sana, nataka Ijumaa mji mzima uchanjwe. Usimlazimishe mtu. Nami nitakuwa wa mwisho, nikishaona wote wamesalimika. Ukishindwa, nakukata kichwa."

"Sawa, bwana wangu. Ila umtafute na wa kuniosha, maana mwosha ni mimi."

Basi akapita nyumba kwa nyumba na swali moja: "Utachanjwa nyuma ya nani?" Muuza samaki akasema, nyuma ya mwalimu wa chuo. Mwalimu akasema, nyuma ya kadhi. Kadhi akasema, nyuma ya waziri. Waziri akajishika ndevu, akasema, "Siwezi kumtangulia bwana wangu. Nyuma ya Sultani." Mchinjaji, achinjaye mbuzi kumi kila siku, akasema, "Nyuma ya watu wote, na uniondolee huo wembe machoni." Naye Somoe alikuwa ameshika mwiko.

Ijumaa akampanga kila mtu nyuma ya yule aliyemtaja mwenyewe. Safu ikaanza kwa waziri, ikalizunguka jumba, ikaishia kwa mchinjaji. Sultani akatoka, akasimama nyuma ya mchinjaji. Kugeuka, waziri yuko mgongoni pake.

Tabibu akazunguka akimtafuta wa kwanza. Akazunguka mara tatu, akashikwa na kizunguzungu, akakaa chini. Jua likapanda.

"Somoe, kichwa cha safu hii ki wapi?"

"Haina kichwa, bwana wangu. Kila mtu amesimama alipopenda."

"Tutasimama hapa mpaka lini?"

"Mpaka ndui itufikie. Yenyewe haiulizi nani wa kwanza. Jana nimemwosha mke wa mchinjaji huyu. Alikuwa akimngoja jirani atangulie kuchanjwa."

Mchinjaji akainamisha kichwa.

"Lakini nimesema nitakuwa wa mwisho," akasema Sultani, safari hii kwa sauti ndogo. "Na neno la Sultani halirudi."

"Halirudi. Tabibu ataanza kwako, aende kwa waziri, kwa kadhi, mpaka kwa mchinjaji. Baada ya mchinjaji ni nani?"

Sultani akatazama. "Ni mimi."

"Basi wewe ndiwe wa mwisho. Akikufikia atakuta umekwisha chanjwa, mtasalimiana tu."

Sultani akatazama mbele, akatazama nyuma, asione pa kutokea. Akafumba macho, akanyosha mkono. Wembe ukapita. Akafumbua jicho moja, akapapasa nyuma ya kanzu yake, mkia hakuna. Akaangua kicheko hata kilemba kikaanguka.

Hapo waziri akasema tumbo linamsokota. Kadhi akamshika kanzu. "Simama, shehe. Mimi niko nyuma yako."

Alasiri mji mzima ulikuwa umechanjwa, na mchinjaji alinyosha mkono bila kuambiwa.

"Nikupe nini, Somoe?" akauliza Sultani.

"Kitanda."

Akapewa cha miguu ya nakshi, akalala siku nne pasipo mtu kumgongea mlango. Hekaya yangu imekomea kitandani hapo. Atakayemwamsha, shauri yake.